Goti Chini Kwenye Kona Linapima Nini?

Kilomita 36 kwa saa. Kasi hiyo inamtosha mwendesha pikipiki kugusisha goti lake ardhini, mradi azunguke duara lenye nusu kipenyo cha mita 10 kwenye lami kavu iliyofagiliwa. Ni mwendo wa bodaboda iliyobeba abiria mtaani. Anayetazama mbio kwenye televisheni hudhani goti hufika chini kwa sababu ya kasi ya kutisha, lakini kinachohitajika ni mwinamo, na mwinamo huamuliwa na mambo mawili kwa pamoja: kasi na ukali wa kona. Kona ikibana, kasi ndogo inatosha.

Kwa zaidi ya miaka 40 goti lililogusa lami limekuwa kitambulisho cha dereva hodari. Limepamba mabango, majalada ya magazeti na kuta za vyumba vya vijana, na wapo wanaolipia mafunzo ya siku nzima wakiwa na haja hiyo moja tu. Kwa hiyo inafaa kuuliza bila kuzunguka: goti likigusa chini, limepima nini? Swali hili si la kupitisha muda. Anayeamini kwamba goti linapima ushujaa atajifunza kwa njia moja, na anayejua linachopima hasa atajifunza kwa njia nyingine, na kati ya njia hizo mbili kuna mifupa mingi iliyovunjika.

Pikipiki inapokata kona, mwendo wake wote unataka kuendelea moja kwa moja mbele. Tairi ndizo zinazoivuta ndani, na ili isipinduke kuelekea nje ni lazima ilale upande wa ndani kwa kiasi kinachosawazisha mvuto huo na uzito wake. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Kwa kilomita 60 kwa saa, mwinamo unaohitajika ni takriban nyuzi 30 kutoka wima. Kwa kilomita 80 ni nyuzi 45. Kwa kilomita 100 unakaribia nyuzi 58, na hapo tairi za kawaida za barabarani zimekwishapitwa. Kasi huingia katika hesabu hii ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana dereva anayeingia kona ileile "haraka kidogo tu" hushtuka kukuta pikipiki inamdai mwinamo mkubwa kuliko alivyotarajia.

Hesabu hiyo bado imeacha jambo moja: imechukulia kana kwamba tairi halina upana. Tairi la nyuma la pikipiki kubwa ya kasi lina upana wa sentimita 18 au zaidi, na pikipiki ikilala, sehemu inayogusa lami huhama kutoka katikati kwenda ubavuni, upande uleule wa ndani. Matokeo yake pikipiki hulazimika kulala zaidi ili kupita kona ileile kwa kasi ileile. Kwenye mwinamo wa nyuzi 45, nyongeza hiyo ni kama nyuzi tano hadi saba. Tairi pana huleta mshiko, na hudai malipo yake kwa mwinamo.

Hapo ndipo mwili wa dereva unapoingia kazini. Mtu wa kilo 80 aliyepanda pikipiki ya kilo 200 akihamisha kiwiliwili chake sentimita 15 kwenda upande wa ndani, uzito wa wawili hao kwa pamoja huhama sentimita nne hivi, na pikipiki yenyewe inaweza kusimama wima zaidi kwa takriban nyuzi nne bila kupunguza kasi. Pikipiki ikiwa nyepesi, faida inaongezeka, kwa sababu sehemu ya dereva katika uzito wote ni kubwa zaidi. Nyuzi nne zinaonekana haba kwenye karatasi. Kwenye kona ni akiba: sehemu ya tairi inayogusa lami inakuwa nzuri zaidi, bomba la moshi na sehemu za kukanyagia zinabaki mbali na ardhi, na shokapu zinafanya kazi yake vizuri kwa kuwa tuta likija linaisukuma pikipiki kutoka chini badala ya ubavuni. Goti hutokeza nje kwa sababu kiwiliwili kimetoka nje. Huo ndio mpangilio wa sababu na matokeo, na makosa karibu yote ya wanaoanza hutokana na kuupindua.

Mabingwa wa zamani hawakuhitaji haya. Giacomo Agostini wa Italia alichukua mataji 15 ya dunia, na katika picha zake nyingi za miaka ya 1960 magoti yamebana tangi la mafuta na mwili umelala mstari mmoja na pikipiki. Mike Hailwood alikuwa akilegeza goti kidogo tu. Hawakuwa waoga hata chembe. Tairi zao zilikuwa nyembamba na mshiko wake mdogo, kwa hiyo pikipiki ilifika kwenye kikomo cha mpira kabla dereva hajahitaji akiba ya nyuzi chache.

Mabadiliko yalianza na Jarno Saarinen, Mfini aliyewahi kushindana juu ya barafu, ambako pikipiki huteleza muda wote na dereva hulazimika kuusogeza mwili wake huku na huku ili asianguke. Saarinen alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 250 mwaka 1972, na mwaka uliofuata akashinda mbio za Daytona 200 kule Florida. Alikuwa akitoka kwenye siti akiliachia goti la ndani. Tarehe 20 Mei 1973 alifariki katika ajali ya pikipiki nyingi huko Monza, Italia, ajali iliyomuua pia Renzo Pasolini. Lakini kabla ya hapo kijana mmoja wa Kimarekani alikuwa amekwisha kumwona akikata kona kwenye uwanja wa Ontario, California, na akaenda kujaribu mwenyewe.

Kijana huyo ni Kenny Roberts wa Modesto, California. Shule yake ilikuwa viwanja vya udongo, ambako pikipiki hupelekwa kwenye kona gurudumu la nyuma likiwa limeshahama njia. Alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 1973 na 1974. Alipouiga mtindo wa Saarinen kwenye lami aliona pikipiki imebaki wima zaidi na imetulia, akauendeleza hadi goti likawa linasuguana na ardhi. Miaka hiyohiyo ya 1970 tairi zisizo na kashata zilikuwa zinaingia kwenye mbio, na mshiko ulipanda ghafla. Mtindo mpya na mpira mpya vilikutana. Roberts alikwenda Ulaya na kuwa bingwa wa dunia wa daraja la 500 mara tatu mfululizo, 1978, 1979 na 1980.

Suti za ngozi za wakati huo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na magoti yalitoboka. Roberts alikuwa akiyafunika kwa matabaka ya utepe mgumu wa kubandikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Dainese ya Italia ikaanza kutengeneza kipande cha plastiki cha kubandika gotini, slaida, kinachotolewa kikiisha na kuwekwa kingine. Leo hakuna suti ya mbio isiyo na slaida. Kipande hicho kilibadilisha tabia kuliko kinavyoonekana: goti lililokuwa likigusa kwa bahati, na kwa maumivu, sasa lingeweza kugusa kila kona bila hasara.

Bara la Afrika lilishuhudia mtindo huo ukiwa katika kilele chake. Tarehe 19 Machi 1983 msimu wa daraja la 500 ulifunguliwa Kyalami, karibu na Johannesburg, na Freddie Spencer akamshinda Roberts. Wawili hao waligawana mbio zote 12 za mwaka huo, sita kwa sita, na Spencer akawa bingwa kwa tofauti ya pointi mbili. Kila kona waliyoipita walining'inia nje ya siti, na baada ya msimu ule hakuna kijana aliyeanza mbio akitaka kukaa kama Agostini.

Lakini historia haikwenda mstari ulionyooka, na hili husahaulika. Mick Doohan wa Australia alichukua ubingwa wa daraja la 500 mara tano mfululizo, 1994 hadi 1998, akiwa na mkao ambao mwalimu yeyote wa leo angemkataza mwanafunzi wake: makalio nje, kifua na kichwa vikibaki juu ya tangi, au hata kuelekea upande wa nje. Upande wa pili yupo Marc Márquez, aliyekuwa bingwa wa MotoGP, daraja la juu la mbio za dunia, mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza. Kwake goti limekuwa jambo la kawaida kabisa; kinachosuguana na lami ni kiwiko, na suti za sasa zina vipande vya plastiki vya viwikoni. Mwinamo kwenye MotoGP huvuka nyuzi 60. Márquez ameonyesha zaidi ya mara moja kwamba gurudumu la mbele likiteleza, goti na kiwiko vinaweza kuisukuma pikipiki isimame tena, jambo ambalo kizazi cha Hailwood kingeliona kuwa muujiza.

Sasa rudi kwenye swali. Umbali kati ya goti na lami hutegemea urefu wa paja na wa mguu, siti iko juu kiasi gani, sehemu za kukanyagia zimewekwa wapi, dereva ametoka nje ya siti kwa kiasi gani, na amelifungua goti kwa kiasi gani. Mtu mrefu aliyetoka nje vizuri atagusa mapema, pikipiki ikiwa bado na nafasi kubwa ya kulala. Mtu mfupi aliyekaa katikati ya siti anaweza kupita kona ileile kwa kasi ileile, pikipiki yake ikiwa imelala zaidi kuliko ya mwenzake, na goti lisikaribie chini. Nani kati yao ni dereva bora? Goti halijui. Ukilitumia kulinganisha watu wawili, litakudanganya.

Ukilitumia kumlinganisha mtu na nafsi yake mwenyewe, hapo linakuwa chombo cha thamani kubwa. Dereva ambaye mkao wake haubadiliki anajua kwamba goti likigusa, pikipiki imelala nyuzi zilezile za jana na juzi. Anajua baada ya hapo amebakiwa na kiasi gani. Kama kona inadai zaidi, hulikunja goti kuelekea kwenye pikipiki na kuendelea kulala. Anapata taarifa hiyo kupitia ngozi, bila kuondoa macho kule anakokwenda. Hii ndiyo maana madereva wa mbio hawasemi kuhusu "kugusa" kana kwamba ni tukio. Kwao ni habari tu, kama ilivyo sauti ya injini.

Sharti liko kwenye neno moja: mkao usibadilike. Anayeliwinda goti huvunja sharti hilo tangu kona ya kwanza. Hutupa mguu nje huku kiwiliwili kikibaki nyuma, mara nyingi kikivuka tangi kwenda upande wa pili kwa woga. Uzito wa makalio unakwenda ndani, uzito wa kifua na kichwa unakwenda nje, na viwili hivyo vinafutana. Pikipiki sasa inalazimika kulala zaidi kwa kasi ileile. Goti linaweza hata kugusa! Na likigusa hivyo, limegusa kwa sababu dereva ameitumia vibaya akiba yake. Picha yake itapendeza, naye amekaribia kuanguka kuliko jirani yake ambaye goti liko juu. Doohan aliweza kuishi na mkao huo kwa sababu alikuwa Doohan, mwenye hisia ya gurudumu la nyuma ambayo watu wachache sana waliwahi kuwa nayo. Si wa kuigwa na mtu wa wiki ya pili.

Shule zinazoheshimika zimejengwa juu ya hoja hiyo. Keith Code alianzisha California Superbike School mwaka 1980, na kitabu chake cha kwanza, A Twist of the Wrist, kilitoka mwaka 1983. Shule yake inatumia pikipiki maalumu iliyofungiwa mikono ya chuma pembeni yenye magurudumu madogo, ili mwanafunzi ailaze huku mwalimu akimrekebisha mwili bila hofu ya kuanguka. Mafundisho ya Code huanza na mkono wa kulia, yaani aksileta, na goti huja baadaye sana. Kwa maelezo yake, pikipiki iliyokwishaelekezwa kwenye kona hutulia pale takriban asilimia 40 ya uzito inapokuwa mbele na asilimia 60 nyuma, na njia ya kuufikia mgawanyo huo ni kufungua mafuta kidogo kidogo, bila kukatiza, hadi kona inapoisha. Anayefunga mafuta ghafla katikati ya kona huutupa uzito wote mbele, pikipiki huzama, nafasi chini yake hupungua, na gurudumu la mbele hubebeshwa mzigo usio wake.

Kuna mgogoro mmoja wa wakufunzi hao unaofaa kukumbukwa, kwa sababu unahusu moja kwa moja kazi ya mwili. Reg Pridmore, bingwa wa Superbike wa Marekani mwaka 1976, 1977 na 1978, alianzisha shule ya CLASS na akafundisha kwamba mwili una mchango mkubwa katika kuielekeza pikipiki. Code alishikilia kwamba kinachoielekeza ni usukani: ukitaka kulala kulia, unausukuma mbele upande wa kulia. Ili kuthibitisha alifunga usukani wa pili kwenye fremu, usiogeuka hata kidogo, ukiwa na aksileta yake. Dereva anayeshika usukani huo na kujitupa kila upande huona pikipiki ikiyumba na kupinda polepole, bila kukata kona kwa namna anayoweza kuitegemea. Jaribio hilo haliufanyi mwili kuwa bure. Linaonyesha tu zamu yake: usukani huilaza pikipiki, mwili huipunguzia haja ya kulala sana. Mwenye kuchanganya zamu hizo hung'ang'ania usukani akidhani ananing'inia, na mikono iliyokakamaa huzuia gurudumu la mbele kujirekebisha lenyewe.

Mkao unaofundishwa leo hujengwa kuanzia chini. Kidole gumba na sehemu ya mbele ya unyayo ndivyo vinavyokaa juu ya sehemu ya kukanyagia, si katikati ya unyayo, ili mguu uweze kujipinda. Nusu ya kalio hutoka kwenye siti, na hutoka kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imenyooka. Anayehama katikati ya kona huitikisa wakati inapohitaji utulivu. Paja la nje hujifunga kwenye tangi. Hapo ndipo penye siri kubwa, kwa sababu paja hilo ndilo linalombeba dereva na kuiachia mikono ibaki laini. Kifua hushuka mbele na ndani, kidevu kikiwa karibu na mkono wa ndani, macho yakitazama mwisho wa kona. Goti la ndani hufunguka lenyewe nyonga zikigeuka. Halisukumwi chini.

Kisha dereva hufanya jambo linalochosha kuliko yote: hurudia. Huzunguka kona ileile, kwa mstari uleule, akiongeza kasi kidogo kidogo, hadi ardhi inakuja yenyewe.

Mguso wa kwanza una hatari yake, na wakufunzi wazuri huizungumza mapema. Kuna sauti ya kukwaruza na mtikisiko mdogo, na mtu ambaye hakuutarajia huvuta goti, hunyanyua mwili na kufunga mafuta, vyote kwa wakati mmoja, pikipiki ikiwa kwenye mwinamo mkubwa kuliko wote aliowahi kuufikia. Wapo walioanguka wakati huo bila tairi kukosa mshiko hata kidogo. Wengine, kwa furaha, huliegemea goti na kulitwika uzito, na uzito unaobebwa na goti ni uzito ulioondolewa kwenye tairi. Kingo zilizoinuka za uwanja wa mbio ni tatizo jingine: goti lililo wazi sana likizigonga, mguu unaweza kupindishwa nyuma.

Kwa sababu hizo pikipiki ndogo ndiyo mwalimu bora. Kwenye uwanja wa magari madogo ya mashindano, kona zimebana na kasi ni ya chini, kwa hiyo mwinamo unapatikana bila kufika kasi ambayo anguko lake ni la hospitali. Vijana wa Hispania na Italia hulelewa hivyo, mizunguko mamia kwa mamia juu ya pikipiki ndogo kabla ya kupewa kubwa. Hata hapo suti ya ngozi, glavu, viatu virefu na helmeti kamili havina mjadala. Goti lenye jinzi litagusa lami mara moja, na mara ya pili litakuwa mfupa.

Barabara ya umma ni suala tofauti kabisa, na hapa hapafai kuwa na lugha laini: hakuna faida ya goti chini barabarani inayolingana na hatari yake. Kuning'inia ni akiba; kuligusisha goti ni ishara kwamba sehemu kubwa ya akiba imetumika. Uwanjani dereva ameiona kona hiyo mara ishirini na anajua hakuna lori linalokuja. Barabarani kona inaficha mchanga, dizeli iliyomwagika, ng'ombe, na gari lililokata mstari. Kwa wanaoendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, kwenye kona ya kulia kichwa cha dereva aliyelala karibu na mstari wa kati huwa kiko upande wa wanaokuja, hata kama magurudumu yapo pale yanapopaswa kuwa. Yeyote aliyewahi kushuka mlima wa Kitonga nyuma ya malori ya Zambia, au kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, anajua lami yenyewe ilivyo katika kona zile.

Tamaa ya kugusisha goti barabarani haijaanza leo. Japani ya miaka ya 1980 ilijaa vijana waliokwenda milimani na pikipiki za ujazo wa 250 kusugua magoti, na barabara kadhaa zikawekewa marufuku ya pikipiki. Nchini Marekani, kwenye barabara ya Deals Gap mpakani mwa Tennessee na North Carolina, yenye kona 318 ndani ya kilomita 18 hivi, wapiga picha hukaa kando ya kona na kuwauzia madereva picha zao. Kamera ikiwa pale, goti hushuka. Polisi wa Uingereza wanaoendesha pikipiki hufundishwa kinyume chake. Kitabu chao, Motorcycle Roadcraft, huwataka watazame mahali ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana mbele. Mahali hapo pakisogea mbali, kona inafunguka, pakikaribia, inabana, na kasi iwe ile inayomruhusu dereva kusimama ndani ya umbali anaouona wazi, upande wake. Wanafika haraka sana wanakokwenda, miili yao ikiwa juu ya pikipiki. Na katika mbio hatari kuliko zote za barabara za umma, zile za Isle of Man zenye mzunguko wa kilomita 60.7, ambako Peter Hickman mwaka 2023 aliweka wastani wa kilomita 219 kwa saa, madereva hukaa karibu zaidi na pikipiki zao kuliko wenzao wa MotoGP. Kuta na miti vinawafundisha kubakiza nafasi.

Wenye pikipiki za kazi wanastahili neno lao. Boxer, TVS na jamii yake zina tairi za upana wa sentimita saba au nane, sehemu za kukanyagia zilizo chini, stendi ya kati, na mara nyingi gadi za chuma mbele ya miguu. Vyuma hivyo hufika ardhini muda mrefu kabla ya goti. Kikigusa chuma kisichokunjika, pikipiki huegemea juu yake, tairi hunyanyuka, na anguko huja bila onyo. Ikiwa na abiria au gunia la mkaa, shokapu zimeshashuka na nafasi imepungua zaidi. Dereva wa bodaboda anayesikia mkwaruzo kwenye kona ameshafika mwisho. Hana pengine pa kulala.

Teknolojia nayo imeanza kulijibu swali kwa tarakimu. Mwaka 2013 Bosch na KTM walitoa pikipiki ya kwanza ya kuuzwa kwa umma, 1190 Adventure ya toleo la 2014, yenye breki zinazozingatia mwinamo kwa kutumia kihisio kinachopima muda wote pikipiki imelala kiasi gani. Baada ya hapo pikipiki kama BMW S 1000 RR zikaanza kumwonyesha dereva kwenye dashibodi nyuzi alizofikia kila upande. Goti limepata mshindani kama kipimo cha mwinamo, ingawa bado linashinda kwa jambo moja: halihitaji kutazamwa.

Kipimo hicho kimeleta pia somo ambalo zamani mwalimu alilieleza kwa maneno tu. Dashibodi hupima pikipiki peke yake, si mwili wa aliyeipanda. Madereva wawili wakipita kona moja kwa kasi moja kwenye pikipiki za aina moja, mmoja atashuka na rekodi ya nyuzi 48 na mwingine 44, na huyo wa 44 ndiye aliyeutumia mwili wake vizuri zaidi, na ndiye mwenye nafasi ya kuongeza kasi mzunguko ujao. Vijana wanaokimbilia kuonyeshana tarakimu kubwa huisoma dashibodi kinyume, sawasawa na walivyokuwa wakilisoma goti. Mkufunzi mwenye data ya mwinamo na ya muda wa mzunguko huziweka mbili hizo pamoja na kutafuta wapi mwinamo umepungua huku muda ukibaki palepale, kisha anarudi na mwanafunzi kwenye kona hiyo, wanaanza na mguu wa nje na paja lililokaa kwenye tangi.